Siku 21 za Kishingo

Nilimsikia Kishingo kabla ya kumwona. Kuku anayetaga hutetea kwa kelele mpaka mtaa mzima ujue yai limetoka, lakini asubuhi ile sauti yake ilikuwa imeshuka: ko, ko, ko, chini kwa chini, kama mama anayejisemea peke yake huku akipepeta mchele. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Juni, masika yameisha huku kwetu Mlandizi, mkoani Pwani, na ardhi imeanza kukauka. Nilipochungulia kiotani nikamkuta amejibana juu ya mayai matatu. Nikapeleka mkono. Akavimba, manyoya ya mgongo yakasimama, akanidonoa kidole mpaka kikatoka damu. Nikarudi ndani ninacheka.

"Baba Neema," nikamwambia mume wangu, "Kishingo anataka kulalia."

Kishingo ni kuku wa kienyeji, wa wale wasio na manyoya shingoni, ndiyo maana tukampa jina hilo. Wageni wakimwona huuliza atawezaje kuyapa mayai joto ilhali yeye mwenyewe yuko nusu uchi. Nafurahi wakiuliza, kwa sababu jibu lake ni moja ya mambo ninayoyapenda zaidi kuhusu kuku. Joto la yai halitoki kwenye manyoya, linatoka kwenye ngozi. Kuku anapokaribia kulalia hunyonyoa mwenyewe manyoya ya kifua na tumbo, ngozi ikabaki wazi, na damu nyingi hupita hapo. Mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi, na yai linataka nyuzi 37 na nusu. Analigusisha kwenye ile ngozi, analigeuza, analisukuma pembeni, analivuta la pembeni likae katikati. Manyoya yaliyobaki kazi yake ni kufunika tu, joto lisitoroke.

Mimi nililelewa na bibi mzaa mama huko Iramba, mkoani Singida. Dar es Salaam wanaijua Singida kwa kuku: ukisimama soko la Shekilango alfajiri utaona matenga yanashushwa, na muuzaji ataapa kwamba huyu ni wa Singida hata kama ametoka kwingine. Kwa bibi hapakuwa na banda. Kuku walilala jikoni, na aliyetaka kulalia aliwekewa chungu kilichopasuka mdomo, kona ya giza nyuma ya mafiga. Bibi alikuwa na msemo wake, nadhani aliutunga mwenyewe: kuku hafundishwi kulalia, anaondolewa udhia. Nilipoanza kufuga mwenyewe nilidhani ni maneno ya wazee tu. Imenichukua miaka kadhaa na vifaranga wengi waliokufa kuelewa alichokuwa anasema.

Siku hizi ukimsikiliza mfugaji wa mjini utadhani kulalia ni ugonjwa. Kuku akianza kunguruma, watu wanamchovya kwenye ndoo ya maji, wanamfunga kamba mguuni, wanamwanika kwenye kizimba kisicho na nyasi, ilimradi arudi kutaga. Namwelewa anayeuza mayai. Kila wiki ambayo kuku amelala ni mayai yanayopungua kwenye trei. Ndiyo maana kuku wa mayai wa kisasa, kama Leghorn na jamaa zake, walichaguliwa kizazi baada ya kizazi mpaka tabia ya kulalia ikakaribia kuisha kabisa. Hawa Sasso na Kuroiler tunaowafuga sasa hali ni hiyohiyo, ni nadra umkute amekaa akatulia siku 21 mpaka mayai yaanguliwe. Wanakua haraka na nyama yao ni nyingi, sikatai. Ila hawawezi kujiendeleza wenyewe. Ukiishiwa pesa ya kununua vifaranga wapya, na ufugaji wako umeishia hapo. Kishingo hanidai kifaranga hata mmoja kutoka dukani.

Kinachomfanya alale ni homoni iitwayo prolaktini. Inapanda mwilini, hamu ya kula inapungua, kutaga kunakoma, na mawazo yake yote yanahamia kiotani. Giza, utulivu, na kuyagusa mayai kwa kifua huichochea zaidi. Ndiyo ile kona nyuma ya mafiga. Bibi hakuwahi kusikia neno homoni, lakini chungu chake kilikuwa na giza, kimya na nyasi laini, na kuku wake walilala.

Sasa turudi kwenye mayai, maana hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza nilipohamia Pwani.

Bibi alikuwa anakusanya mayai ya kulaliwa wiki mbili, anayaweka kwenye mtungi uliojaa pumba, na bado yanaanguliwa vizuri. Nikafanya vilevile Mlandizi. Nikapata viza tupu. Nililaumu jogoo, nikalaumu kuku, hata maji niliyalaumu. Baadaye ofisa mifugo mmoja akanieleza jambo lililonifungua macho. Uhai ndani ya yai haulali usingizi mzito kama tunavyodhani. Yai likikaa chini ya nyuzi 20 hivi, kiinitete kinatulia, kinasubiri. Likizidi hapo kinaanza kukua pole pole, kwa kusuasua, bila joto la kutosha kukifikisha popote, mwisho kinachoka na kufa. Iramba iko juu, usiku kuna baridi ya kujifunika mablanketi mawili, na jikoni kwa bibi kulikuwa na ubaridi hata mchana. Mlandizi nyuzi 30 ni mchana wa kawaida. Mtungi uleule, pumba zilezile, nchi mbili tofauti.

Kwa hiyo siku hizi mayai ya kulaliwa nayakusanya kila siku, nikimwachia kuku yai moja lililochorwa ili asihame kiota. Nayahifadhi kwenye chungu kilichofukiwa nusu kwenye mchanga wenye unyevu, chini ya mwembe, ncha nyembamba ikitazama chini. Sizidishi siku 7. Siyaoshi, kwa sababu yai lina utando wake wa asili unaozuia vijidudu, na ukiliosha umeufuta. Makubwa mno nayaacha, madogo mno nayaacha, yenye nyufa yanaenda kwenye kikaango. Watu wengi hapa kijijini huchagua yaliyochongoka wakiamini ni majogoo na ya duara ni mitetea. Nimelijaribu hilo kwa miaka na sikuona tofauti. Jinsia ya kifaranga inatoka kwa mama na inaamuliwa kabla ganda halijajengwa, kwa hiyo umbo la nje halina habari yoyote ya kutupa.

Kishingo nilimwekea mayai 13. Bibi siku zote aliweka idadi isiyogawanyika kwa mbili. Lakini kipimo halisi si hesabu, ni kuku mwenyewe. Akikaa, usione yai hata moja likichungulia pembeni. La pembeni likipoa leo, kesho atalisogeza katikati na kulitoa jingine likapoe, na mwisho wa siku umeharibu yote kwa tamaa ya mawili.

Kabla ya kumpa mayai ya kweli nilimwacha siku mbili juu ya mayai matatu ya uongo, nione kama nia yake ni ya kweli. Wako wanaolala mchana na usiku wanapanda darini na wenzao. Siku ya tatu, baada ya magharibi, nikamhamisha. Kuhamisha ni usiku tu. Ukimbeba mchana anakasirika, anarudi kiota cha zamani, na mayai yanabaki yatima. Gizani nilimbeba na kumshusha taratibu kwenye boksi la mbao lenye mchanga chini, umechimbwa katikati kama sahani, juu yake nyasi kavu. Kwenye nyasi nilichanganya majivu na majani ya mwarobaini yaliyokaushwa, kwa ajili ya utitiri. Mfugaji anayepuuza utitiri hajawahi kuamka asubuhi na kumkuta kuku mzuri, mtulivu, amekimbia mayai siku ya 16 kwa sababu ya wadudu waliomnyonya usiku kucha. Mimi nimewahi. Tangu siku hiyo nikiona kuku anajikuna kichwa kiotani sisubiri asubuhi.

Kila yai nililichora mstari kwa penseli. Kazi ya dakika tano, na sababu yake ina uchungu wake. Miaka miwili kabla, kuku wangu mwingine alilalia kwenye banda la pamoja. Kila alipotoka kwenda kula, wenzake waliingia na kutaga mlemle. Sikuchora, sikuangalia. Alianza na mayai 11, siku ya 21 yalikuwa 19. Vifaranga 8 wakatoka, na kesho yake mama akatoka nao kwenda kuchakura, kama inavyotakiwa, akayaacha mengine yakipoa. Nilipoyavunja jioni, manne yalikuwa na vifaranga waliokamilika, wenye manyoya, wamekufa muda si mrefu. Walibakiza siku mbili tatu. Wale wanne sijawasahau. Kuku hakukosea chochote, aliyekosea ni mimi niliyemwachia mlango wazi. Kishingo nilimpa chumba chake, kwenye stoo, kimezungushiwa wavu, na kila siku napitisha macho: lisilo na mstari natoa.

Kisha ni kungoja. Hapa ndipo wafugaji wapya wanapochoka, kwa sababu hakuna cha kufanya na mikono inawasha. Mara moja kwa siku, asubuhi mapema, Kishingo alisimama, akajinyoosha bawa moja moja, akatoka mbio. Alikunywa maji mengi, akala mahindi ya kuparaza, akaoga vumbi kwenye jivu nililommwagia, na akatoa kinyesi kikubwa, kizito, chenye harufu ya kukukimbiza. Anakibana muda wote huo asichafue kiota. Dakika 15, wakati mwingine 20, amerudi. Akipanda kiotani hatui juu ya mayai kama mzigo. Anaweka mguu, anasita, anaweka wa pili, anajishusha huku akijitikisa kulia na kushoto mpaka ngozi iguse. Nimekaa kwenye kigoda nikimtazama zaidi ya mara nilizopaswa, na sufuria imeungua jikoni.

Mchana na usiku anayageuza kwa mdomo, mara nyingi mno kuzihesabu. Asipoyageuza, kiinitete kinanata kwenye utando wa ndani na hakipati nafasi ya kukua. Jirani yangu ana mashine ya kutotolea, na kwa biashara yake inamfaa, kwa sababu hakuna kuku atakayekalia mayai 176. Ila namwonea huruma umeme ukikatika saa nane usiku. Anaamka, anafunika mashine kwa mablanketi, anapasha maji ya moto kwenye madumu. Kishingo hajui kama umeme umekatika.

Usiku wa siku ya 8 nilimulika. Nilipenyeza mkono chini ya tumbo lake, nikatoa yai moja moja, nikaliweka juu ya mdomo wa tochi niliyoizungushia karatasi ngumu. Yai lenye uhai linaonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika kama utando wa buibui, na katikati doa jeusi linalochezacheza. Neema, mwanangu, ana miaka tisa, alishika tochi. Alipoliona lile doa linasogea akanyamaza kabisa, na Neema si mtoto wa kunyamaza. Mawili yalikuwa meupe tu, hayana mbegu. Hayo niliyaondoa, kwa sababu yai bovu likipasuka kwenye joto lile linachafua yote. Yakabaki 11. Sikumulika tena. Wapo wanaomulika kila baada ya siku tatu, na naona ni kumsumbua mama kwa faida ya macho yetu.

Wiki ya tatu maji yanazidi kupotea kupitia ganda na chumba cha hewa kwenye ncha nene kinapanuka. Ni lazima kipanuke. Siku ya 19 au 20 kifaranga anatoboa kwa mdomo utando wa chumba kile na kuvuta pumzi yake ya kwanza humo ndani, angali gizani, ganda bado zima. Na akipata hewa, anapata sauti. Nilikwenda stoo usiku wa siku ya 20 bila taa, nikaweka sikio karibu na boksi. Nikasikia pii, mbali sana, kama ya mtu aliye chumba cha tatu. Kishingo akajibu, ko, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia siku zote zile. Akalia mwingine. Akamjibu na huyo. Kwa hiyo wanapotoka wanakuwa wamekwisha mjua mama yao kwa sauti. Hili hakuna mashine inayoweza kulifanya.

Kuanzia hapo mikono mfukoni. Nasema hivi nikimkumbuka kifaranga mmoja wa Iramba. Nilikuwa darasa la pili. Kuku wa bibi alikuwa anaangua, na yai moja lilikuwa na tundu tangu asubuhi, mdomo unachungulia, hatoki. Nikaona anateseka. Nikabandua ganda kwa kucha, kipande kwa kipande, kwa upole wote niliokuwa nao. Damu ikaanza kutoka kwenye utando. Kifaranga akatoka na kiini kikiwa bado kinaning'inia tumboni, akatetemeka mkononi mwangu, akafa kabla sijamfikisha kwa bibi. Nilipigwa na butwaa. Bibi hakunigombeza. Alinikalisha, akachukua kile kiganda na kunionyesha ile mishipa. "Mjukuu wangu," akasema, "huyu alikuwa hajamaliza kula chakula chake cha safari."

Na ndivyo ilivyo hasa. Kutoka tundu la kwanza mpaka kutoka nje inaweza kuchukua siku nzima, na muda huo anakausha mishipa ya utando na kuvuta kiini kilichobaki kiingie tumboni. Kile kiini ndicho kinachomwezesha kuishi siku mbili bila kula wala kunywa, akiwasubiri ndugu zake waliochelewa, mama akiwa bado amekaa. Ukimtoa mapema umemtoa na njaa na jeraha.

Kishingo aliangua vifaranga 10. Yai la kumi na moja lilikuwa viza, uhai wake ulikoma katikati ya safari. Watu walikuja kuona, wakasifu, na mimi nikashukuru, lakini sikusherehekea. Nilikwisha jifunza. Mwaka wangu wa kwanza niliwahi kuangua 12 kati ya 14, nikatangaza kwa kila mtu. Miezi miwili baadaye walikuwa watatu. Tangu hapo daftari langu lina safu mbili: walioanguliwa, na waliofika wiki ya 8. Ya kwanza ni ya kuku. Ya pili ni ya kwangu, na kwa miaka ilikuwa inanitia aibu.

Wiki mbili za mwanzo Kishingo alikaa na wanawe chini ya tenga kubwa, mchana nje kwenye kivuli, usiku ndani. Maji niliweka kwenye kifuniko cha ndoo na kujaza kokoto, kwa sababu kifaranga anazama hata kwenye kisahani. Chakula kilikuwa chenga za mchele, pumba laini na dagaa waliotwangwa mpaka wakawa unga. Na mchwa. Hii ya mchwa ni ya bibi, na nashangaa ilivyosahauliwa. Jioni unajaza chungu kikuukuu samadi yenye unyevu na mabua ya mahindi, unakifunika kichwa chini miguu juu karibu na kichuguu. Alfajiri unakifunua, kimejaa. Unakikung'uta mbele ya vifaranga na kusimama pembeni. Sijaona chakula cha dukani kinachokimbiliwa namna hiyo, na hakina gharama zaidi ya kuamka mapema.

Wiki ya tatu wakaanza kutoka. Huku Pwani mwewe si adui peke yake. Kunguru wanamzidi. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wa kwetu, waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka, wakavuka, wakazaliana, na sasa wanakula mpaka tulivyonavyo. Kunguru anakuja wawili wawili: mmoja anamchokoza mama mbele, mwingine anachukua nyuma. Walichukua mmoja wa kahawia siku moja nilipokwenda kisimani. Lakini mwewe Kishingo alimweza. Ana kilio cha hatari ya juu na kilio kingine cha hatari ya chini, na vifaranga wanavitofautisha. Cha juu, kirefu na chembamba, kinawatawanya chini ya vichaka na kuwagandisha. Cha chini, cha kukatakata, kama cha nguchiro au paka, kinawafanya wasimame na kutazama. Neema sasa anavijua vyote viwili, na anatoka jikoni na fimbo kabla sijanyanyuka.

Mdondo, ule ugonjwa wa kuku ambao wengine huuita kideri, ndio nauogopa kuliko mwewe na kunguru wote. Ukiingia kwenye banda ambalo halijachanjwa unaweza kufagia karibu kuku wote kwa wiki moja, na hapa kwetu hupenda kiangazi cha upepo, Agosti mpaka Oktoba, wakati ambapo vifaranga wa Juni ndio kwanza wanachipuza mabawa. Chanjo ya I-2 inatengenezwa hapahapa mkoani kwetu, Kibaha, inavumilia joto kuliko zile za zamani, na ni tone moja la jicho kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja inachanja kuku wa kaya nyingi, kwa hiyo tumejipanga majirani saba, tunachangia na kuchanja siku moja, jioni, kuku wakiwa wameingia. Zamani niliona ni gharama. Nikitazama ile safu ya pili ya daftari, miaka ya kabla ya chanjo na miaka ya baadaye, naona haya niliyochelewa.

Vifaranga wa Kishingo waliofika wiki ya 8 walikuwa wanane. Yule wa kunguru, na mwingine aliyezaliwa dhaifu akaondoka siku ya nne.

Kuna ushauri unaotolewa sana, kwamba mama atenganishwe na wanawe mapema ili arudi kutaga. Nimejaribu njia zote. Kumwondoa siku ya kwanza, ukawalea kwa mkaa au balbu, kunawezekana, lakini ni kazi ya kukesha, na vifaranga wanakua hawajui kilio cha mwewe. Kumwacha mpaka awafukuze mwenyewe kunachukua miezi miwili au mitatu, na kwa mwaka anapata mizao mitatu hivi. Mimi nawatenganisha wiki ya 5, huku kwetu kwenye joto, wakiwa na manyoya ya kutosha. Aliye Njombe au Lushoto asiniige, baridi itamwadhibu. Na katika wiki hizo tano Kishingo anawafundisha mambo ambayo nisingeweza: kipi kinaliwa, kipi kinatemwa, wapi pana kivuli saa sita. Waswahili walisema teke la kuku halimwumizi mwanawe. Nimeyaona mateke hayo, akichakura vumbi anawarusha nyuma kama mipira, na wanarudi palepale chini ya miguu, kwa sababu hapo ndipo mdudu atakapotokea.

Ameanza kulalia tena. Safari hii jirani aliniletea mayai tisa ya kanga, ambao huku kwetu hawatulii kiotani wakifugwa, na tangu zamani watu huwawekea kuku mayai yao. Kanga huchukua siku 26 mpaka 28. Nilikuwa na wasiwasi kwamba zikifika 21 Kishingo ataona muda wake umekwisha na kuinuka. Leo ni siku ya 24. Asubuhi alitoka, akanywa, akaoga jivu, akarudi kabla sijamaliza kufagia. Nadhani hahesabu siku hata kidogo. Anasubiri ile sauti ya ndani ya ganda, na haijalia bado. Nimemwambia Neema kwamba keshokutwa usiku tutakwenda stoo bila taa, na asivae ndala, zinapiga kelele.